Dau la Yuro Mbili

Malachy Tynan alipima maziwa kwa miaka thelathini na moja katika kiwanda cha siagi cha mji wetu. Wakulima walileta maziwa asubuhi, naye alichota kidogo, akatia dawa, akasoma kipimo, akaandika. Mkulima angeweza kuapa kwa kaburi la mama yake kwamba hakutia maji. Malachy hakumtazama usoni, alitazama kipimo. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka hamsini na minne, hana mke wala mtoto, na mkono wake ulikuwa umezoea kuandika tarakimu kila siku. Ndipo alipoanza kuja dukani kwetu.

Duka letu lilikuwa la kubeti, katika mtaa mkuu, kati ya duka la dawa na bucha ya Dinny Brophy. Mimi, Assumpta Dowling, nilikaa nyuma ya kioo cha duka hilo miaka kumi na tisa. Nimepokea pesa za pensheni, pesa za karo, na mara moja pesa za jeneza. Kwa hiyo nikisema Malachy hakuwa kama wengine, nasema kama mtu aliyewaona hao wengine.

Wengine walikuja na ndoto zao. Mmoja alibeti kila farasi mwenye jina la mtakatifu. Mwingine alimfuata jokii mmoja tu, mpanda farasi wa mbio, kwa sababu waliwahi kunywa pamoja. Na Dinny, mwenye bucha, alipenda farasi weupe. Akiwa na furaha aliweka dau, akiwa na huzuni aliweka dau, mkewe akimnunia aliweka mawili. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mikono myekundu na sauti ya kufika mtaa wa pili, na alikuwa rafiki wa Malachy tangu darasa la kwanza. Malachy aliingia saa nne asubuhi na gazeti limekunjwa kwapani, akasimama kwenye kona yenye mwanga, akasoma. Mara nyingi alisoma saa nzima, akaniaga, akaenda zake bila kubeti hata senti.

Kando ya jina la kila farasi gazeti huweka msururu wa tarakimu: nafasi alizomaliza katika mbio zake za karibuni, na herufi pale alipoanguka au aliposimamishwa njiani. Watu wengi huzisoma kama ripoti ya mtoto wa shule. Moja ni nzuri, nane ni mbaya, basi. Malachy alitaka kujua hiyo nane imetoka wapi. Je, siku ile ardhi ilikuwa kavu na farasi anapenda tope? Alipewa uzito gani wa kubeba? Zilikuwa maili mbili au tatu? Kona za uwanja zinakwenda kulia au kushoto? Alipumzishwa siku ngapi kabla? Yote hayo aliyaandika nyumbani kwake, kwa mwandiko uleule mdogo wa kiwandani, na siku za mbio katika uwanja wa Gowran alipanda basi kwenda kuwatazama farasi kwa macho yake wakizungushwa kabla ya kukimbia.

Siku moja ya mvua, duka likiwa tupu, nilimwuliza siri yake ni nini. Akaniambia hana siri.

"Aliyeshinda kila mtu kamwona, binti," alisema. "Wewe nionyeshe aliyeshindwa. Nitakuambia kama alishindwa kweli au alionewa."

Miaka sita ya kwanza alipoteza. Si pesa nyingi, kwa sababu hakuwa mtu wa madau makubwa, lakini alipoteza, na kampuni ilimpenda kwa hilo. Kila Krismasi nilimpa kalamu na chupa ndogo ya wiski yenye nembo yetu. Alishukuru kwa adabu na kurudi nyumbani kutafuta alikokosea. Mwaka wa saba akaanza kushinda. Hakushinda kila siku. Alishinda kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe, taratibu, bila kumwaga.

Nilidhani ni mimi tu niliyeona. Kumbe mashine ya kurekodi madau ilikuwa inaona pia. Nikapigiwa simu na bosi wa kanda, bwana mmoja aitwaye Prendiville ambaye sikuwahi kumwona ana kwa ana. Akaniuliza habari za mzee anayekuja kubeti Jumanne na Alhamisi. Akasema kila farasi ambaye mzee huyo amemwekea pesa asubuhi, malipo yake yanakuwa yameshuka kufikia jioni, maana wabeti wakubwa wa Dublin nao wamegundua kile alichokigundua yeye mapema. Nikasema labda ana bahati. Akacheka, akasema bahati wanaipenda sana, ndiyo inayowalipa mishahara. Huyu hana bahati, huyu anasoma. Kuanzia kesho nisipokee kutoka kwake zaidi ya yuro mbili.

Kesho yake Malachy alikuja na noti ya hamsini. Nyuma yake alisimama Dinny na aproni yake yenye damu.

"Mzee Tynan, leo siwezi kukupokea hamsini."

"Unaweza kupokea ngapi?"

"Mbili."

"Mia mbili?"

"Yuro mbili."

Alinitazama kama anayesoma kipimo kisichoeleweka. Akauliza amemkosea nani. Nikamwambia hajamkosea mtu. Akauliza kama anashukiwa wizi. Nikasema hapana.

"Basi nitajie kosa lenyewe, nilirekebishe."

"Hakuna kosa. Wanasema unashinda."

Hakupandisha sauti. Aliirudisha noti mfukoni, akatafuta sarafu ya yuro mbili, akaiweka chini ya kioo. Farasi wake alishinda siku hiyo kwa nafasi kubwa, na nikamlipa pesa isiyotosha hata chakula cha mchana. Baada yake Dinny aliweka sitini juu ya farasi mweupe ambaye nadhani mpaka leo bado anakimbia. Kwa Dinny sikuhitaji kumpigia mtu simu. Mwezi huohuo kampuni ilimtumia tiketi mbili za mbio za Punchestown, na chakula cha mezani, na barua ya kumwita mteja wetu mpendwa. Aliibandika buchani, juu ya mizani. Walikuwa wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye alijiona anang'aa.

Malachy alijaribu maduka ya miji mingine. Alikwenda Carlow, Kilkenny, mpaka Waterford, kwa basi, na sandwichi za nyama zimefungwa kwenye karatasi. Kila mahali walimpokea vizuri kwa miezi miwili mitatu, kisha sauti kwenye simu ikamfuata. Ilipofika majira ya kupukutika majani hakuna duka lililompokea zaidi ya bei ya gazeti lake. Mtu alichukua miaka saba kujifunza kazi, na siku alipoijua, akaambiwa haruhusiwi kuifanya.

Ni Dinny aliyempa wazo, au ni yeye aliyempa Dinny; wote wawili walidai baadaye kuwa ni la mwenzake. Malachy angechagua na kutoa pesa, Dinny angeweka dau kwa jina lake, kwa kuwa jina la Dinny lilikuwa limefunguliwa milango yote. Wakishinda, Dinny angepata moja ya tano. Haikuruhusiwa. Mimi niliijua siku ya tatu tu. Dinny alileta mkeka, yaani karatasi ya dau, wa farasi wa kahawia, asiyejulikana, katika mbio za Thurles, kwa dau la yuro themanini, na hakufanya mzaha wowote. Dinny bila mzaha ni kama kengele ya kanisa bila ulimi. Nikaupiga mhuri mkeka huo, nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza kwangu ni wema.

Majira yale ya baridi yalikuwa mazuri kwao. Farasi mmoja kati ya wanne alishinda, na kwa malipo waliyokuwa wakiyapata, hiyo ilitosha na kusaza. Dinny akapata koti jipya. Kwenye baa ya kona watu wakaanza kumwita Profesa. Mwanzoni alikataa jina hilo kwa kucheka. Kisha akacheka bila kukataa. Kisha akaanza kufundisha. Nilikuwepo Jumamosi moja, nimekaa na dada yangu, nikamsikia akiwaeleza wanaume sita kwamba aliyeshinda kila mtu kamwona, watafute aliyeshindwa. Malachy alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na glasi yake ya bia nyeusi. Mmoja wa wale wanaume akamgeukia na kumwambia, kwa huruma kabisa, "Malachy, wewe na magazeti yako yote, kwa nini usimsikilize rafiki yako? Ungeshatajirika."

Malachy akajibu kuwa anamsikiliza. Alikunywa bia yake mpaka mwisho, akavaa kofia, akaenda nyumbani.

Februari ikaja na mvua isiyokatika. Malachy alikuwa na farasi jike mmoja moyoni mwake, aitwaye Carrigeen Rua, mwekundu, mwembamba, wa mfunzaji mdogo asiye na jina. Rekodi yake ilikuwa ya kusikitisha: saba, tisa, herufi ya kuanguka, nane, kumi. Lakini Malachy alikuwa amemfuatilia miaka miwili. Mbio zote hizo zilikuwa kwenye viwanja vya kona za kulia, Gowran, Thurles, Clonmel, na kwa macho yake alimwona kila kona akivuta kwenda kushoto na kupoteza nafasi. Walikuwa wakimkimbiza maili tatu, na pumzi yake ilikuwa ya mbili. Kwa kuwa alishindwa mara nyingi, alikuwa anapunguziwa uzito wa kubeba kila mara. Alihitaji tope, kona za kushoto, na maili mbili. Wiki ya pili ya Februari jina lake likatokea Naas, ambako kona ni za kushoto, maili mbili, na ardhi ilikuwa kama uji.

Malachy alipita dukani kuniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, Carrigeen Rua analipa ngapi. Nikamwambia ishirini na tano kwa moja, yaani yuro moja inaleta ishirini na tano. Akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akitabasamu kwa meno. Aliniambia kuna mfunzaji upande wa Bagenalstown anayeuza robo ya mwanafarasi mmoja, na kwamba si vibaya mtu kuwa na mguu mmoja wa farasi kabla hajafa. Kisha akaomba kalamu, akatoka.

Siku ya mbio, saa saba mchana, Dinny aliingia. Duka lilijaa, kwa sababu Jumamosi watu walikuja sasa kumsikiliza Profesa. Aliusukuma mkeka wake chini ya kioo pamoja na yuro mia nne, dau kubwa kuliko yote aliyowahi kuleta. Nikausoma. Mbio zilikuwa zilezile za Naas. Farasi hakuwa yule. Alikuwa Lord Ballintemple, kipenzi cha magazeti yote, farasi wa kijivu kutoka zizi kubwa, analipa chini ya mbili kwa moja.

Nilijua. Lazima niliseme hili wazi, maana ndilo linalonikaa kooni. Nilijua pesa ni za nani na farasi ni yupi.

"Una hakika, Dinny?"

"Assumpta, Profesa hapa ni nani, mimi au wewe?"

Wanaume wakacheka. Ningeweza kusema nini? Kwamba hizo si pesa zako? Ningekuwa nakiri mbele ya duka zima kwamba majira yote ya baridi nimepokea madau ya mtu aliyekatazwa, na kazi yangu ingeishia hapo. Ningeweza kusema mashine imekwama. Ningeweza kumwambia asubiri, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapiga simu. Vyote hivi nilivifikiria baadaye. Wakati ule niliupiga mhuri.

Saa nane na nusu Malachy akaingia, koti linachuruzika maji. Hakuwa na desturi ya kutazama mbio dukani. Siku hiyo alikuja. Alisimama nyuma ya wote. Dinny alimwona, akageuza macho yake haraka kwenye televisheni.

Farasi kumi na wanne waliondoka. Lord Ballintemple akatangulia na watu wakaanza kumwita kwa jina. Yule jike mwekundu alikaa nyuma, wa kumi, wa tisa, akivuka viunzi vizuri, na kwenye kila kona ya kushoto alijipenyeza ndani na kupata nafasi bila jasho. Wengine walianza kuchoka kwenye tope. Yeye hakuchoka. Kwenye kiunzi cha mwisho alikuwa wa tatu, kisha wa pili, kisha akampita yule wa kijivu kama anayepita gari lililoegeshwa. Ni mtu mmoja tu aliyejua alichokiona. Alivua kofia, akaifuta maji, akamtazama Dinny kwa uso laini kabisa, uso wa mtu anayetaka kushukuru.

Dinny hakugeuka.

Malachy alisogea mpaka karibu yake, nami nilisikia kwa kuwa walikuwa mbele ya kioo changu.

"Dinny, umeuweka mkeka wapi?"

"Malachy, bwana, sikiliza. Tutoke nje."

"Nionyeshe."

Dinny akautoa. Malachy aliusoma mara moja, akausoma tena, kama alivyosoma kila kitu.

"Kwa nini?"

"Yule wako alikuwa wa kumi, jamani. Wa kumi! Nikaona umechoka, umeanza kuota. Na huyu... moyo uliniambia."

"Moyo," akasema Malachy. "Mimi nimetumia miaka yote hii kuufukuza moyo humo ndani, wewe umeurudisha kwa asubuhi moja."

"Nitakurudishia mia nne zako."

"Najua utarudisha. Wewe si mwizi. Ungekuwa mwizi ningekuelewa."

Mmoja wa wanaume akauliza kuna nini. Dinny akajibu kuwa si kitu, mzee amekasirika kwa kuwa Profesa leo kakosea, na watu wakacheka kidogo, wakampigapiga Dinny mgongoni kumpa pole. Walimpa pole Dinny! Malachy aliwatazama, nikadhani atasema yote. Lakini angesema nini, na nani angemwamini? Yule mwenye barua juu ya mizani, au yule ambaye sisi wenyewe tulimtangaza kuwa ni mtu wa yuro mbili?

Jumatatu Dinny alipeleka mia nne kwenye bahasha, pamoja na paja zima la kondoo. Malachy alizichukua pesa. Lile paja lilikutwa asubuhi ya pili limening'inizwa kwenye komeo la bucha, katika mfuko wake, halijaguswa. Hawakusemezana tena. Kanisani mmoja alikaa kushoto, mwingine kulia, na mji ukasema Malachy ana kijicho na mafanikio ya rafiki yake. Dinny aliendelea kuitwa Profesa. Alirudia farasi weupe, akapoteza koti lake jipya na mengine zaidi, na kampuni ikamtumia tiketi tena mwaka uliofuata. Mwanafarasi wa Bagenalstown aliuzwa kwa daktari mmoja wa meno. Na Malachy hakukanyaga tena dukani kwetu.

Miaka mitatu baadaye kampuni ililifunga duka lenyewe, kwa kuwa watu walikuwa sasa wanabeti kwenye simu zao. Walinipa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Mwezi Oktoba, nikiwa sina kazi, nilipanda basi kwenda Gowran, mahali ambapo katika miaka yangu yote ya kupokea madau sikuwahi kufika. Nilimkuta kwenye uzio wa duara wanapozungushwa farasi. Alikuwa amekonda. Gazeti lilikuwa kwapani, lakini hakuwa na kalamu.

Tulisalimiana. Akaniuliza habari za dada yangu, nikamwambia. Nikamwuliza kama bado anabeti. Akasema hapana, anatazama tu. Farasi walipita mbele yetu, mvuke ukiwatoka mgongoni, na nikaona midomo yake ikisema kitu kwa kila mmoja, kama mtu anayehesabu shanga za rozari.

Nikaona nisipomwambia pale sitamwambia kamwe.

"Mzee Tynan, siku ile niliuona mkeka kabla sijaupiga mhuri. Nilijua si farasi wako."

Hakushtuka hata kidogo.

"Najua," alisema. "Hakuna mkeka uliopita bila wewe kuusoma. Nilikuwa nakuona ukisoma."

"Niliogopa kazi yangu."

"Ndiyo."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Alifikiri, macho yakiwa kwa farasi. Nilitaka aseme yamepita, kama wanavyosema wazee wetu wote mtu akiomba radhi, hata kama hayajapita.

"Dinny ni mjinga," alisema mwishowe. "Mjinga nilimjua tangu utotoni, kosa ni langu kumpa pesa. Yule wa simu alikuwa anafanya biashara yake. Lakini wewe ulikuwa unaelewa, Assumpta. Katika mji mzima ulikuwa wewe peke yako." Akakunja gazeti vizuri zaidi. "Sasa niache nitazame, tafadhali. Wanakaribia kutoka."

Alisogea hatua kumi mbele kando ya uzio, akasimama kati ya watu asiowajua. Nilibaki nilipokuwa. Majokii walipanda, lango likafunguliwa, farasi wakatoka mmoja mmoja kwenda uwanjani, naye akawafuata kwa macho mpaka wa mwisho. Sikumfuata.